Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, yenye hita: saa tatu zinakwenda wapi na umeme unaliwa na nini

Swali linaloulizwa dukani kabla ya kulipa, na linalorudi wiki moja baada ya mashine kufika nyumbani, ni lilelile: mbona inakaa saa tatu? Na swali la pili hufuata papo hapo: kwa saa tatu hizo si itamaliza luku yote?

Tathmini hii inahusu aina moja tu ya mashine, ile iliyojaa madukani kuanzia Kariakoo mpaka Nairobi: otomatiki ya mlango wa mbele, uwezo wa kilo 7, hita ya ndani ya wati 2000 hivi, na mdomo mmoja wa kuingiza maji baridi. LG, Samsung, Hisense, Bosch na wenzao wanatofautiana kwa mota, kwa bodi (sakiti ya kielektroniki inayoongoza mashine) na kwa uimara wa dramu, lakini namna ya kupasha maji ni karibu moja. Koili ya chuma imelala chini ya dramu, sensa ya joto iko pembeni yake, na bodi ndiyo inayoamua lini koili iwake na lini izimwe. Ukielewa sehemu hiyo, utajua mashine inayokufaa na programu ya kuchagua, na utajua pia lini uite fundi na lini uiache mashine ifanye kazi yake.

Tuanze na umeme, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka wati-saa 1.16. Mashine hii katika hatua ya kufua hutumia lita 12 hivi. Maji mengine, kati ya lita 30 na 45, ni ya kusuuza na huwa ya baridi. Maji ya bomba Dar es Salaam ni ya nyuzi 27 hivi. Kuyafikisha 40 ni yuniti 0.18 (yuniti moja ni wati-saa 1000), kuyafikisha 60 ni yuniti 0.46, kuyafikisha 90 ni yuniti 0.88. Arusha au Nairobi, ambako maji huingia yakiwa nyuzi 19 hivi, hesabu hiyo inakuwa 0.29, 0.57 na 0.99. Ongeza kama robo mpaka theluthi, kwa sababu nguo na dramu navyo hupata moto na joto jingine hupotea. Mota, pampu na bodi kwa mzunguko mzima mara nyingi hazifiki robo ya yuniti.

Kwa hiyo mashine inayozunguka saa tatu kwa maji ya nyuzi 30 inakula umeme kidogo kuliko ile inayomaliza kwa saa moja na nusu kwa nyuzi 60. Kinachokula umeme ni joto. Urefu wa muda hauna uzito mkubwa.

Hili unaweza kulishuhudia bila kifaa chochote. Zima friji, pasi na taa, washa mashine peke yake, kisha nenda ukaitazame ile taa ndogo nyekundu ya mita ya umeme. Kwenye uso wa mita kumeandikwa namba mbele ya alama imp/kWh. Tuseme ni 1000, yaani taa inamweka mara 1000 kwa kila yuniti. Hita ya wati 2000 ikiwaka, taa itamweka haraka haraka, kila baada ya sekunde 1.8. Hita ikizimwa na mota ikabaki peke yake, utahesabu sekunde 20 au 30 kati ya mmweko na mmweko. Kaa hapo dakika arobaini za mwanzo kwenye programu ya pamba nyuzi 60: mwendo wa haraka utauona kwa dakika 15 mpaka 25, basi. Na usipouona kabisa, hita yako haifanyi kazi, hata kama kioo kinaonyesha 60.

Sasa kama hita inawaka dakika 20 tu, saa tatu zinakwenda wapi? Jibu zuri alilitoa mkemia Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani mwaka 1959. Alionyesha kwamba usafi unatokana na mambo manne: sabuni, msuguano, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima mengine yaongezeke ndipo nguo zitoke vilevile. Mama anayefua kwa mikono kwenye beseni anatumia msuguano mwingi, ndiyo maana shati linatakata kwa dakika tano. Mashine ya mlango wa mbele haipikichi. Inainua nguo na kuziangusha kwenye maji machache. Kwa vile imepunguza maji na imepunguza joto, inalipa kwa muda.

Programu iliyoandikwa "Eco 40-60" ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Tangu Machi 2021 lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya hupima mashine kwa programu hiyo, na matumizi yanaandikwa kwa mizunguko 100. Programu inatakiwa isafishe vizuri nguo za pamba zinazoruhusu nyuzi 40 na zile zinazoruhusu 60 zikiwa pamoja, lakini hailazimiki kuyafikisha maji kwenye joto hilo. Watengenezaji wengi huyaacha maji chini ya hapo, kisha wanarefusha muda hadi kupita saa tatu. Mashine iliyojazwa mashuka na suruali za jinzi itatoka safi na luku haitashtuka. Ila kama unataka nyuzi 60 za kweli, kwa nepi za kitambaa, taulo za mgonjwa au mashuka ya mtu mwenye pumu anayesumbuliwa na utitiri wa vumbi (vidudu vidogo mno vya kwenye matandiko), usitumie Eco. Chagua "Cotton" na uweke 60 kwa mkono.

Programu hiyo ya pamba nyuzi 60 ndiyo bora kuliko zote kwenye mashine hizi, na ndiyo sababu hasa ya kulipia hita. Inachukua kati ya saa mbili na nusu na tatu na nusu. Joto la maji hupanda polepole, na polepole hiyo ina faida: vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni, vile vinavyokula jasho, damu, yai na wanga wa ugali, hufanya kazi nzuri kati ya nyuzi 30 na 50 hivi, na joto likizidi sana huharibika. Maji yakipita hapo taratibu, vimeng'enya vimeshamaliza kazi kabla moto haujavikuta. Ukimwaga maji ya moto moja kwa moja juu ya doa la damu, unalipika likaganda kwenye uzi. Mashine inayoanza na maji baridi haifanyi kosa hilo.

Nguo za mchanganyiko wa nailoni na poliesta, sare za shule na mashati ya kazi yanafaa programu ya "Synthetics" au "Mix" nyuzi 40, saa moja na nusu hivi. Mafuta ya mwili kwenye kola ya kanzu yanalainika kwenye joto hilo. Kwa maji baridi ya Arusha hubaki pale yalipo, na kola inageuka njano mwezi baada ya mwezi. Kanga na vitenge vipya, hasa vyekundu na vyeusi, viende peke yake kwa baridi mara tatu nne za mwanzo.

"Quick 15" ndiyo programu inayoleta malalamiko mengi, na malalamiko yenyewe yanatokana na kuijaza. Imetengenezwa kwa kilo 2 kwenda chini: mashati manne au matano yaliyovaliwa mara moja. Dakika 15 zinagawanywa kati ya kuingiza maji, kufua, kusuuza na kukamua, kwa hiyo kufua kwenyewe ni dakika chache mno, na hita haina nafasi ya kufanya lolote la maana. Ukiweka kilo 6 na kikombe kizima cha sabuni, nguo zitatoka na unga kwenye mikunjo. Weka nusu ya sabuni au pungufu, na uchague kukamua kwa mizunguko 1000 kwa dakika au zaidi.

Wenye ndugu Marekani huuliza mbona kule mashine humaliza kwa dakika 40. Mashine nyingi za kule huchukua maji ya moto yaliyokwisha kupashwa kwenye tangi la nyumba, zina mipira miwili, mmoja wa moto na mmoja wa baridi, na umeme wa volti 120 usioruhusu hita kubwa ndani. Ni mashine nyingine kabisa; tathmini za kule zisikupotoshe unapochagua ya volti 230.

Volti inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndiyo inayofanya muda wa kwenye kioo usilingane na muda wa kweli. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230, umeme ukishuka hadi 190, inabaki wati 1365. Kupasha kulikotaka dakika 17 sasa kunataka 25. Bodi haijui habari ya saa yako. Imeambiwa isubiri sensa iseme maji yamefika, ndipo iendelee. Hapo ndipo namba kwenye kioo husimama: utaona 1:58, ukienda jikoni na kurudi bado ni 1:58. Mashine haijakwama, inasubiri joto. Stabilaiza yenye uwezo wa kutosha, angalau VA 3000 kwa mashine hii, inasaidia mahali ambapo jioni umeme hulegea. Umeme ukikatika katikati ya kupasha, mashine nyingi huendelea pale zilipoachia, lakini maji yaliyopoa yanapashwa upya na muda unaongezeka.

Kioo husimama kwa sababu nyingine tatu pia. Ya kwanza ni povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, na kwenye dramu povu linakuwa mto unaozuia nguo zisianguke vizuri. Mashine ikilihisi, inasimama, inasubiri litulie, kisha inaongeza kusuuza. Tumia sabuni iliyoandikwa ya otomatiki, na ufuate kipimo cha pakiti. Ya pili ni uzito kuegemea upande mmoja wakati wa kukamua: blanketi moja peke yake, au taulo moja nzito na vitambaa vyepesi. Mashine itajaribu kuzitandaza tena na tena, ndiyo ile "dakika 1" inayodumu dakika kumi. Ongeza taulo mbili na tatizo litaisha.

Ya tatu ni maji yenyewe, na kwa nyumba zetu hili ni kubwa. Nyingi ya mashine hizi zinataka mgandamizo usiopungua bar 0.5, ambao kwenye kibao huandikwa 0.05 MPa. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 kutoka kwenye mdomo wa mashine linatoa bar 0.3, pungufu. Kabla ya kununua, fungua bomba utakalolifungia mashine na ujaze ndoo ya lita 10. Ikijaa ndani ya dakika 2, uko salama. Ikichukua dakika 5, kila kuingiza maji kutakula dakika 6 au 7 badala ya 2, na mashine huingiza maji mara nne. Hapo umeshaongeza dakika 20 bure, na mara nyingine bodi itachoka kusubiri na kuandika IE kwenye LG au 4C kwenye Samsung. Ama unyanyue mnara, ama ufunge pampu ndogo ya kusukuma. Na kabla ya kumlaumu yeyote, fungua mpira nyuma ya mashine uchomoe kichujio kidogo cha wavu kwa koleo. Kwenye mitaa ambako maji hukatika na kurudi na tope, wavu huo huziba kwa miezi michache.

Je, uchukue ya mlango wa juu au ya mapipa mawili badala ya hii? Ya mapipa mawili ni nafuu, inakubali maji ya ndoo, inafua kwa dakika 15 na haijali mgandamizo. Haina hita, lakini joto unaweza kulitengeneza. Maji lita 30 ya nyuzi 25 yakichanganywa na lita 10 yaliyotoka kuchemka, yaliyofika kwenye pipa yakiwa nyuzi 90 hivi, yanakupa lita 40 za nyuzi 41. Tia ya baridi kwanza, halafu ya moto, halafu sabuni, nguo mwisho. Maji yanayochemka yakigusa pipa la plastiki moja kwa moja yanaweza kulipinda, na kitabu cha mashine hutaja kiwango cha juu cha joto. Angalia lakini gharama: lita 10 kutoka nyuzi 25 mpaka kuchemka ni yuniti 0.87 kwenye jagi la umeme. Hiyo ni zaidi ya mashine ya mlango wa mbele kupasha maji yake hadi nyuzi 60, kwa sababu yenyewe inapasha lita 12 tu na wewe unapasha joto la lita 40. Ya mlango wa juu ya otomatiki inakunywa lita 100 au zaidi kwa mzunguko na nyingi hazina hita. Inamfaa mwenye maji ya uhakika na asiye na subira. Zile zenye midomo miwili zinaweza kuunganishwa na hita ya jua ya paani, na hapo zinakuwa na faida kubwa. Usiunganishe mashine ya mdomo mmoja na maji ya jua: itasuuzia maji ya moto pia, yatapotea yote, na maji ya paani saa nane mchana yanaweza kuzidi nyuzi 60, juu ya kile ambacho mpira na vali ya kuingizia vinaruhusiwa kubeba.

Udhaifu mkubwa wa mashine hii ni ukoko wa chokaa kwenye koili. Maji ya visima vya pwani yanayopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na kila yanapopashwa huiacha kwenye koili. Ukoko unazuia joto lisitoke, koili inaungua kwa ndani, mwishowe inakatika au inapasuka ganda na kuanza kuvujisha umeme. Dawa ni gramu 100 za asidi ya limau ya unga ndani ya dramu tupu, programu ya pamba nyuzi 60, kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa maji ya kisima. Usipandishe 90, maana kwenye moto mkali chokaa na asidi hiyo huweza kuganda upya. Na usiichanganye na jiki hata tone: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Wanaofua kwa baridi tu wana tatizo la upande mwingine. Mafuta na mabaki ya sabuni hujenga utelezi mweusi nyuma ya dramu na kwenye mpira wa mlango, ndiyo ile harufu ya kitambaa cha deki. Mara moja kwa mwezi endesha nyuzi 60 au zaidi, au "Tub Clean" kama ipo, bila nguo. Ukimaliza kila siku, acha mlango wazi kidogo na droo ya sabuni nje.

Nguo zikitoka zimesafishwa nusunusu na mlango haupati uvuguvugu katika pamba 60, chomoa plagi na mpe fundi vipimo vitatu. Koili ya wati 2000 kwenye multimita ya fundi isome ohmu 26 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha kati ya ncha ya koili na waya wa ardhi kusiwe na usomaji wowote. Ukiwepo, koili inavuja na ndiyo inayoangusha swichi kuu au kukurusha ukigusa dramu. Sensa ya joto ichovywe kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu: usomaji wake ushuke taratibu. Usiposogea, sensa imekufa, nayo ni rahisi kuliko bodi ambayo baadhi ya mafundi hukimbilia kubadilisha. LG huandika tE kwa hitilafu ya joto, Samsung HC au HE.

Hita hiyo inavuta ampia 8.7, kwa hiyo ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu italainika na kuyeyuka kwenye kichwa chake. Shika plagi dakika kumi baada ya kupasha kuanza: ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, soketi imelegea au waya ni mdogo, ibadilishwe kabla ya mzunguko mwingine. Na soketi hiyo lazima iwe na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, si tundu la tatu lililoachwa tupu ukutani.